Namna ya Kufeli Kipimo cha Masikio

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya mapokezi iko wazi. Mapokezi ya kiwanda chetu cha uchapaji yako chini: kiti, feni, utulivu. Mimi niko stoo ya karatasi, ghorofani, na mashine zinanguruma chini ya miguu yangu. Daktari alishasema nina fibromayalja. Maumivu mwili mzima, na kwangu yamekuja pamoja na masikio kuvuma na kizunguzungu. Leo ngazi zimecheza tena nikiwa na boksi la karatasi kifuani. Niliogopa kweli. Nikamwambia meneja. Akanitazama juu hadi chini, akasema mbona nimenawiri.

Tai naye anaitaka nafasi hiyo. Ni mwenzangu wa stoo. Tunamwita hivyo kwa sababu anavaa tai hata akibeba maboksi.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu anasema nirudi kwa meneja nimweleze ukweli wote, taratibu. Mwanamke mzuri, ila hana mbinu. Ugonjwa usioonekana nani atauamini? Uziwi je? Uziwi hata meneja anaujua. Kesho nina kipimo cha masikio hospitalini. Nitafeli kwa kishindo, nimpelekee meneja majibu.

Jioni nilifanya mazoezi. Mke wangu aliponiita kula, sikugeuka. Hakuniita tena. Ninalala na njaa.

Jumatano, 5 Machi
Chumba kidogo, vifaa vya kusikilizia masikioni, kitufe mkononi. Ukisikia mlio, bonyeza. Niliisikia yote, mingine iliniuma hadi kwenye meno. Sikubonyeza hata mmoja. Mpimaji, dada mpole, akawa anaandika tu. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akasema kwa sauti ya chini kwamba nina mjusi begani.

Niliruka hadi mlangoni. Hapakuwa na mjusi. Akanipongeza kwa kupona upesi.

Kikafuata kipimo cha kusimama bila kuyumba. Panda juu ya sponji, fumba macho. Hapa sikuigiza chochote. Chumba kikapinduka, nikaanguka na pazia lake. Akasema nina kipaji. Nikaapa kwamba hiki ni cha kweli. Akajibu kwamba hata uziwi nilikuja nao kwa uso huohuo. Baadaye akalainika, akanieleza kwamba wapo wenye ugonjwa wangu wanaosikia vizuri kwenye kipimo, lakini sauti zinawaumiza na masikio yanavuma. Ningebonyeza kwa uaminifu, angeyaandika hayo yote. Akaniambia nirudi mwezi ujao, nije na mtu mzima.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe binamu yake Tai ni mfagizi wa hospitali ile. Kiwanda kizima kinajua. Nikipita, mtu ananiuliza habari za mjusi. Meneja amenipa onyo. Tai ameanza kujaribu kiti cha mapokezi.

Mchana ngazi zikazunguka. Nikatafuta ukuta, nikashika hewa. Nikateremka kwa makalio hadi chini, na wenzangu wakanipigia makofi. Nilirudi stoo nikalia nyuma ya maboksi ya bahasha. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo hayakuwa maigizo.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu amekwenda kwa meneja mwenyewe, bila kuniaga. Amemwambia yote: maumivu, mvumo, ngazi, na kwamba mumewe anadanganya kuhusu ugonjwa alio nao kweli. Meneja akamvutia kiti. Akasema dada yake anaumwa hivyohivyo, na walimcheka mpaka siku alipoanguka bafuni.

Naandika haya nikiwa mapokezi. Kiti, feni, utulivu. Tai yuko juu na maboksi.

Nimetafakari sana. Mke wangu anadhani ni ukweli uliosaidia. Nimemwacha afurahi. Lakini mtu mwenye akili anaona wazi kwamba mpango wangu ulikuwa umeiva, ulihitaji siku chache tu.

Nimegundua pia kwamba kiti cha mhasibu kina magurudumu na mto wa mgongoni. Kesho naanza kuchechemea. Mguu upi, nitaamua asubuhi.