Kiyumbayumba Ni Neno Langu, Si la Mwalimu

Ndugu Mkuu wa Maktaba,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa mwandiko. Mkono huu umezoea randa kuliko kalamu. Mimi ndiye seremala wa nyuma ya maktaba yako, fundi asiye na mpinzani, uliza popote.

Mmeficha kopo kwenye ukuta wenu, upande wa karakana yangu. Watu wanakuja, simu inawaonyesha njia, wanapapasa matofali, wakilipata wanaandika majina na kulirudisha. Mchezo mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ile karatasi iliyomo. Eti neno "kiyumbayumba", yaani kiti chenye mguu mmoja mfupi, lilizaliwa kwenye riwaya ya mwalimu mstaafu. Si kweli. Nililizaa mimi.

1. Mwalimu alilipata neno hilo sakafuni kwangu. Alikuja kununua kiti, akakikalia, kikammwaga. Nikamwambia, "Pole mwalimu, hicho ni kiyumbayumba." Hata vumbi hajajipangusa, katoa kalamu. Mwizi wa kuku angalau hungoja usiku uingie. Huyu kaniibia huku namwinua.

2. Mashahidi ninao. Fundi cherehani alianguka, nikamwambia neno lilelile. Mkunga naye, tena na kikombe cha chai mkononi. Shemeji yangu alianguka mara mbili, kwa hiyo mhesabuni kama mashahidi wawili.

3. Mwalimu hajawahi kutengeneza hata kigoda. Neno atalitoa wapi? Mimi viyumbayumba nimevitengeneza ujana wangu wote na uzee wangu wote: vya kuegemea, vya watoto, na kitanda kimoja cha maharusi. Nani mjini atajilinganisha nami?

4. Juzi dada mmoja mwenye miwani, mtafuta kopo, kaniuliza, "Babu, unamfahamu mwandishi aliyelibuni neno hili?" Kaniuliza hivyo nami nimelikalia neno lenyewe.

Kwa hiyo naomba karatasi ibadilishwe, iandikwe kwa herufi kubwa kuwa neno ni kazi yangu. Kopo lihamie mlangoni kwangu. Kamusi zote nchini zikusanywe zirekebishwe. Kabati la kuziweka nitalitengeneza mwenyewe. Na mwalimu aje aniombe radhi. Kiti cha kukalia kipo.

Wasalimie wakutubi wote, mfagizi, na yule mama wa mapokezi anayenikataza kukohoa.

Ni mimi, mwenye neno,
Fundi

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka kashika ukuta, kisha akaniuliza, "Sasa mzee, barua hii ikishasomwa, nani atanunua kiti kwako?" Nimelifikiria hilo. Neno ni la mwalimu. Alilibuni peke yake, kwa akili zake, nyumbani kwake, akiwa amekalia kiti alichonunua kwingine. Hilo la kwingine, tafadhali, liongezeni kwenye karatasi.