Rais Amebakiza Mwaka, Nami Pia

Mheshimiwa Seneta Thurlow,

Natumaini u mzima, wewe na mama watoto. Mimi ni Orville Stenberg, mfuga ng'ombe wa maziwa hapa Wisconsin, na nimekupigia kura mara nne. Sikuandikii kwa ubaya. Ni kwamba sheria yako imeingia nyumbani kwangu na kuketi mezani.

Jaji wa Mahakama ya Juu alipofariki, Rais alimpendekeza mwingine. Ukasema redioni kwamba ninyi maseneta, mnaopaswa kumthibitisha, hamtampigia kura wala kumwuliza swali, kwa kuwa Rais amebakiza mwaka mmoja, asubiriwe ajaye. Nilikuwa zizini, nikapiga makofi hadi ng'ombe wakashtuka. Wiki iliyofuata daktari wa moyo akaniambia kuwa nami nimebakiza mwaka.

Basi nikampendekeza mjukuu wangu Kirsten alishike shamba. Shamba letu ni la familia, halikabidhiwi bila kura ya mke wangu LaVonne na wanangu Duane na Merle. Malalamiko yangu ni haya:

1. Duane, aliyekusikia redioni, amekataa Kirsten hata aitwe kuulizwa. "Mzee, wewe si unaondoka? Tumwachie mwenye shamba ajaye." Nikamwuliza huyo ajaye atatoka wapi wakati hawataki kumchagua. "Hilo kamuulize Seneta wako." Ndiyo nakuuliza.

2. Ugonjwa umeenea. Jumapili nilinyoosha mkono nipate kipande cha pili cha pai ya tufaha, Merle akakivuta. "Pole, baba, hicho ni cha awamu ijayo." LaVonne alicheka mpaka akafuta machozi.

3. Ng'ombe hawajaambiwa kwamba nimebakiza mwaka. Alfajiri wanataka kukamuliwa, na tunaowakamua ni mimi na Kirsten. Nikifa kabla hajakabidhiwa, nani ataamka kuwakamua? Silali kwa ajili ya hilo, Mheshimiwa, nakwambia kweli. Na mwenye mwaka mmoja bado ana kazi ya mwaka mzima.

4. Kipindi chako nacho kinaisha Januari, siku chache kabla ya cha Rais. Kwa hiyo umebakiza muda mfupi kuliko yeye, na mfupi kuliko mimi mwenye moyo mbovu. Mbona mshahara unapokea? Na kwenye maonyesho ya kaunti ulikula jibini yetu bila kumngoja seneta ajaye.

Naomba kwa heshima mumwite yule aliyependekezwa na Rais, mumwulize, mpige kura. Hafai? Mkataeni mchana kweupe. Hata kukataa ni kazi, ila kujificha chini ya meza si kazi.

Nisalimie maseneta wenzako wote, pamoja na wale wa chama kile kingine, na karani wako anayenijibu kila mara kwamba maoni yangu yana thamani.

Ni mimi, bado nipo,
Orville Stenberg

N.B. Kabla sijabandika stempu, LaVonne aligonga meza: "Mwiteni huyo mtoto, mmalize!" Kirsten akaja, akavua buti, akaketi. Nikamwuliza mwenyewe, kwa fahari, atawafanyia nini ng'ombe wangu. "Nitawauza, babu. Wote. Nipande soya." Duane, aliyekuwa akikwepa kukamua tangu utoto, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Merle akafuata, na LaVonne pia. Aliyempinga ni mimi peke yangu. Tafadhali ichane barua hii, Mheshimiwa, na yule jaji usimwite kamwe, maana ukimwuliza atajibu. Na kama kuna namna ya kuzuia kura iliyokwisha kupigwa, niandikie upesi. Nimebakiza mwaka.