Kuhusu Sifuri Aliyoiandika Binti Yangu

Kwa Bwana Mkuu wa Karakana ya Maroboti,

Heshima kwa cheo chako, ingawa kwa umri nadhani naweza kukuzaa. Sisi hatujambo: baba watoto hajambo, bibi hajambo na anauliza roboti hula nini, kaka mtu, fundi cherehani, hajambo, mapacha wa dada mtu wana mafua tu. Asiye mzima ni binti yangu, fundi wako, uliyemrudisha nyumbani mpaka Ijumaa uamue kama kazi anayo au hana. Chai anaikoroga tu, hanywi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kosa lake amenieleza, nimelielewa, na nimelikataa, kama ifuatavyo.

1. Roboti lenu la kubeba makreti lina jicho la kupima umbali. Binti akaliagiza: usipoona kitu mbele, andika sifuri. Likasimama katikati ya ghala, mahali peupe, asubuhi nzima kama mgeni asiyekaribishwa. Msimamizi akamwambia mbele za watu, "Sifuri ni ukuta umekugusa pua. Usipoona kitu, andika mbali kusiko na mwisho." Bwana Mkuu, mimi nikifunua sufuria nisione kitu, nasema hakuna. Sisemi nyama iko mbali kusiko na mwisho. Watoto wangetoka kuifuata.

2. Mnataka kila umbali uandikwe kwa mita. Shuleni walituamuru tumnunulie rula ya sentimita, tukanunua, ikavunjika, tukanunua nyingine. Leo sentimita imekuwa haramu? Juzi nimemwambia asogeze stuli kidogo, akaniuliza kidogo ni sifuri nukta ngapi. Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

3. Betri ikijaa pomoni mnaandika moja, si mia. Simu yangu ikiandika moja, mimi naaga watu.

4. Na kona je? Kugeuka kushoto tu, mnapima pembe kwa kitu kinaitwa radiani, eti moja nukta tano saba. Huku kwetu tunageuka kwenye duka la viatu na hakuna aliyepotea.

Kwa hiyo naomba rasmi binti arudi kazini, kanuni ndiyo ifukuzwe, na maroboti yote duniani yaelezwe kwamba sifuri ni hakuna. Yakibisha, niletee moja nikae nalo mwezi. Nimelea watano, na hakuna aliyesimama asubuhi nzima akiogopa hewa.

Nisalimie mama watoto wako, mlinzi wa getini, na msimamizi pia. Sina kinyongo naye sana. Tafadhali nijibu upesi, Ijumaa isitukute hivi.

Mimi mwenye wasiwasi,
Mama wa Fundi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Jana nilimtuma baba watoto juu ya paa aangalie maji kwenye tangi. Akashuka akasema sifuri. Nikazuia kufua, nikazuia kuoga, nikanunua madumu sita. Leo fundi bomba kapanda: tangi limejaa. Kumbe mzee mfuniko ulimshinda kufungua. Nikamwambia, kama hukuona si useme hukuona, sifuri umeitoa wapi? Binti akaniangalia, akacheka mara ya kwanza wiki hii.

Basi lalamiko la kwanza nalifuta. Kosa hili mtoto karithi kwa baba yake, na baba yake nimekaa naye miaka thelathini bila kumfukuza. Jaribu nawe. Nasubiri jibu.