Kuhusu Ombi Lako la Kitufe cha Sita

Kwako binti yangu, kitinda mimba wa nyumba hii,

Naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu tangu nilipopokea ujumbe wako. Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno tisa, haukuwa na salamu wala nukta: "Baba mbona namba yangu haimo kwenye simu ya mtoto". Nilisubiri hasira initoke ndipo nijibu. Imenitoka kwa kiasi. Barua hii nampa mwanao akuletee ndani ya begi lake la shule.

Kwanza nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana inaonekana umeyasahau. Ulinunua simu ya bei rahisi ili mwanao, mwenye umri wa miaka saba, aweze kumwita mtu akipatwa na shida, kwa kuwa yeye hutoka shule saa tisa na wewe hutoki kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kabla ya saa kumi na moja. Ukanikabidhi niipeleke kwa fundi aiondolee michezo na mtandao. Sikumwachia fundi. Nilikaa kwenye kigoda chake siku nane nikajifunza kazi ile mwenyewe, naye akinisimamia na kuniambia, "Mzee, gusa tu, usikandamize, huo si muhuri." Leo simu ile ina saa, tochi na vitufe vikubwa vitano, kila kimoja na picha ya mtu. Mtoto akigusa picha, mtu huyo anapigiwa. Hakuna kingine. Ni kazi safi, na sisemi hivyo kwa majivuno.

Sasa malalamiko yangu.

1. Umepita kwa fundi bila kunieleza, ukamwuliza kama kitufe cha sita kinawezekana, naye akakujibu kwamba ni kazi ya dakika moja. Hakupaswa kukujibu. Vitufe ni vitano kwa sababu kikao cha familia kiliamua vitano, si kwa sababu simu imeshindwa.

2. Orodha ilipangwa kwa umri, kama tunavyopanga viti, sahani na picha za ukutani. Juu yupo kaka yangu mkubwa. Wa pili ni mimi. Wanafuata kaka yako mkubwa, dada yako, na kaka yako wa pili. Wewe unaangukia nafasi ya sita. Kuzaliwa mwisho si kosa lako, wala sioni kwa nini liwe langu.

3. Umesema hadharani kwamba waliomo hawapatikani. Ni kweli kwamba kaka yangu huizima simu yake ili isichakae. Ni kweli kwamba kaka yako mkubwa ni dereva wa lori na mara nyingi huwa mahali pasipo na mtandao. Dada yako hapokei namba asiyoijua, na ya mtoto bado hajaihifadhi. Kaka yako wa pili anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, na hata ukimwita ukiwa umesimama mbele yake hasikii. Yote haya kikao kiliyajua. Tulikuwa tunapanga heshima. Habari ya nani atapokea haikuwa kwenye ajenda.

4. Umemwambia dada yako, "Mimi ndiye mama yake, jamani!" Umama wako haukubishaniwa na mtu yeyote. Lakini wewe unamwona mtoto asubuhi na jioni, na sisi tunamwona mara moja kwa mwezi. Hebu nieleze kwa utulivu: kati yetu, nani anahitaji simu?

5. Tangu ulalamike, dada yako anataka picha yake ibadilishwe kwa kuwa amenenepa. Kaka yako mkubwa anataka aonekane pamoja na lori. Kaka yangu anauliza kwa nini kitufe cha mkubwa wa ukoo kina upana sawa na cha wengine. Haya yote umeyaleta wewe.

Kwa hiyo nakuomba ufute ujumbe wako na uandike barua rasmi ya maombi, uipitishe kwa dada yako, kisha kwa kaka zako, uambatanishe picha moja, halafu usubiri nafasi. Nafasi hupatikana kwa mtu kujiuzulu au kufariki dunia. Kwa sasa sote tuko wazima.

Wasalimie wenzako wa kazini, jirani yako mshonaji, na yeyote atakayekuuliza hali yangu. Ombi lako nitalifikisha kwenye kikao, na uamuzi ukitolewa nitakuandikia bila kuchelewa.

Ni mimi baba yako,
Mwenyekiti wa kikao

Tanbihi: Barua hii niliimaliza juzi. Yaliyotokea jana unayajua kuliko mimi, ila nayaandika kwa ajili ya kumbukumbu. Bomba la shule lilipasuka, wakafunga saa tano. Mtoto alisimama getini akatugusa sote watano, kuanzia juu, kama nilivyomfundisha. Alipofika chini akaanza tena juu. Mimi nilikuwa kwa fundi, simu yangu ipo mezani kwake imezimwa sauti, kwa kuwa nilitaka na yangu iwe na vitufe vikubwa. Nilipokuta amenipigia mara mbili nilikimbia mpaka getini. Mlinzi akaniambia, "Mzee, mama yake kashamchukua zamani. Kaja na aproni imelowa." Kumbe mtoto aliazima simu ya tochi ya mlinzi, akakupigia. Namba yako yote aliitaja kwa kichwa. Niliuliza nani aliyemfundisha. Mlinzi akanicheka.

Leo asubuhi kabla ya shule nilimwomba mtoto simu yake, nikakaa kwenye kigoda cha fundi na kuondoa kitufe cha pili. Pale nilipokuwa mimi sasa upo wewe. Hesabu kwamba nimejiuzulu. Ndugu zako usiwaambie. Picha yako pekee niliyokuwa nayo ni ile ya darasa la pili, umevaa sare na meno mawili hayapo. Mtoto ameiangalia akasema nimekosea, nimemweka yeye.

Barua ya maombi bado naihitaji, kwa ajili ya jalada.