Ndoa ya Maji na Hospitali

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeota tena mchana, macho wazi. Feni inazunguka, mawingu yanapita dirishani, nami naziona taasisi zote za umma zimekuwa familia moja: shule, barabara, magereza, zinakula meza moja. Ndiyo kazi yangu! Kuunganisha hesabu zao ziwe kitabu kimoja. Zimebaki mbili zinazovutana. Mamlaka ya Maji inasema mwaka wa fedha ulifungwa ikiidai Hospitali Kuu. Hospitali inasema ilishalipa. Zisipopatana, kitabu hakifungwi. Mkurugenzi katangaza: atakayekifunga wiki hii ndiye mkuu mpya wa kitengo. Desimali, jirani yangu wa meza, akatabasamu. Hata tabasamu lake limepigwa rula.

Jumanne, 9 Septemba
Wazo limenishukia nikioga! Mhasibu wa maji ni mwanamke, anaishi peke yake. Mhasibu wa hospitali ni mwanamume, mpweke vilevile. Wakipendana, nani atamdai nani? Nimewaalika Alhamisi, kila mmoja bila kumtajia mwenzake. Mke wangu akauliza kwa nini nisiwapigie tu simu, niulize tarehe ya malipo. Nikamwambia, mama watoto, wewe huna jicho la mambo makubwa. Akasema analo la sufuria inayoungua, niende nikaiepue. Nikaenda. Imeungua kweli.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimenunua maua. Nikafunga pazia la chumba cha mikutano ofisini, kikawa na mwanga wa asali. Wakaingia. Wakatazamana, wala hawakupepesa macho. Utamu ulioje! Bibie akaniambia chai ya mwenzake isitiwe sukari, itamdhuru. Moyo wangu ukapaa. Keshaanza kumjali! Nikatoka kwa kunyata, nikasimama koridoni nikiiota harusi, idara zote zimevaa sare.

Mara nikasikia bibie akifoka, "Friji yangu iko wapi?"

"Muulize dada yako aliyeibeba!"

Kumbe walishaoana. Na wakaachana. Ndiyo maana ofisi zao hazijibiani barua! Mlinzi ndiye aliyewatenganisha. Nami maua yalinipiga, nina petali masikioni.

Ijumaa, 12 Septemba
Desimali kapiga simu mbili. Mbili tu! Hospitali ililipa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Hela zikawafikia watu wa maji mwaka mpya umeshaingia. Wote wawili walisema kweli. Hela zilikuwa njiani. Akarekebisha, kitabu kikafungwa kabla ya chai, cheo kikawa chake. Mimi nikaambiwa nirudishe viti. Nimelia kidogo stoo. Kisha nikaziwaza hela zile zikitembea taratibu, mwaka mmoja nyuma yao, mwingine mbele, hakuna anayezidai popote. Nikazionea wivu.

Jumapili, 14 Septemba
Nimelala kibarazani, natazama mawingu. Moja kama treni, jingine kama meli, yanasogeleana... Mwakani Reli na Bandari watavutana tu, hawakosi. Mhasibu wa reli ni mjane. Wa bandari hajawahi kuoa. Nimetafakari sana kosa langu, na sasa nimelijua: yalikuwa maua. Safari hii namleta mpiga gitaa.