Katuni ya Ukoo wa Vidole Sita

Jumatatu, 2 Novemba 2009

Nimepata wazo. Jenetiki imewashinda wanafunzi wangu. Juzi niliandika "kromosomu" ubaoni, watatu wakasinzia kabla sijafika mwisho wa neno. Dawa ni katuni. Nitachora ukoo mmoja wa kweli wenye vidole sita, ionekane kidole kinavyorithiwa kutoka kwa bibi hadi mjukuu. Shujaa ataitwa Bwana Jeni, kijana mtanashati wa Bukoba mwenye miwani. Sura yake nimeitoa kwenye kioo.

Sababu ipo. Ijumaa ya wiki ijayo Profesa Anna anatoka Dar es Salaam kuja kuchagua mwalimu mmoja wa chuo chetu akasomee uzamili wa jenetiki ya tiba. Tuko wawili, mimi na Fadhili. Fadhili ni mwenyeji wa huku kusini, mpole, anafundisha kwa korosho. Anazipanga mezani, kubwa kwa ndogo, wanafunzi wanacheka, kisha wanafaulu. Sioni usomi hapo. Mimi Januari natimiza thelathini na tano, na ufadhili hautolewi kwa aliyefika umri huo. Nikikosa safari hii, basi tena.

Bi Mwanahamisi, mama mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Rahaleo, kaniuliza zimebaki siku ngapi. Kahesabu mwenyewe kwa vidole, kimoja kimoja, mkono wa kulia, wa kushoto, kaishia kumi na mbili. Nimemwambia kwa upole kwamba vidole vya mikono vinaishia kumi. Amenitazama kwa huruma, akaniongezea uji.

Jumatano, 4 Novemba

Mungu hamtupi mja wake. Kuna msiba kijiji cha Mtawanya, kafariki mama yake Mzee Mustafa Nalinga. Nimekwenda kutoa pole, daftari mfukoni, kwa kuwa msibani ndipo ukoo wote hukusanyika bila kuitwa.

Nimemkuta mtu mmoja anaitwa Hamisi. Kavaa gunia, ungo kichwani, kajilaza katikati ya njia, anasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku. Akaanza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Hakuna aliyemfukuza, hata Mzee Mustafa mwenyewe. Nikaelewa mara moja: huyu ndiye ndugu wa karibu kuliko wote, na uchungu umemvuruga akili. Mtafiti ni jicho.

Nilimvuta pembeni baada ya mazishi, nikamuuliza kama kwao kuna vidole vya ziada. Kanimwagia kila kitu. Marehemu alikuwa na vidole sita kila mguu, ndiyo maana hakuna muuza viatu aliyemtaka dukani. Mustafa naye sita. Mjomba wao wa Newala saba, anapanda mnazi bila kamba. Nimejaza kurasa tisa. Wanawake waliokuwa karibu wakajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Watu wa huku wanajua kulia.

Jumamosi, 7 Novemba

Fadhili kaniuliza habari za ukoo nimezipata wapi. Nikamwambia nimemhoji Hamisi, tena kwa kina. Akakohoa muda mrefu. Alipopata pumzi akauliza kama najua Hamisi ni nani kwa watu wale. Nikamjibu kwamba kazi yangu naijua, asinifundishe. Akasema haya. Wivu mbaya sana, unaingia mpaka kwenye mapafu.

Nyumbani makelele. Asha, binti wa Bi Mwanahamisi, kajifungua mtoto wa kike. Bi Mwanahamisi kanifuata na kichanga, anataka nikitazame mkono. Eti wazee wanataka waufunge uzi, yeye hataki, kwa kuwa wake haukufungwa na hajapungukiwa na kitu. Sikusikiliza mpaka mwisho. Nimemwambia ampeleke kliniki, mimi ni mtafiti. Nilikuwa ukurasa wa kumi na moja, Bwana Jeni ndiyo kwanza anapaa.

Ijumaa, 13 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimewaalika akina Nalinga kama wageni wa heshima. Walikuja sita, nguo za Idi, Mzee Mustafa na kofia mpya. Nilikuwa sijawaambia wanaitiwa nini, nilitaka iwe furaha ya ghafla. Nikagawa katuni, nakala arobaini. Profesa Anna alisoma ukurasa wa kwanza akatabasamu. Nikajiona nimeshapanda ndege.

Kisha akawauliza wageni, kwa adabu zote, kama wangeridhia kuonyesha miguu. Mzee Mustafa akavua viatu. Vitano. Na wa pili, vitano. Dada yake, vitano. Nikawaomba wahesabu upya. Wakahesabu, wanafunzi wakisaidia kwa sauti.

Mzee Mustafa akaichukua katuni. Akamwona marehemu mama yake amechorwa anapiga teke sufuria kwa mguu wa vidole sita. Nilitamani ardhi ipasuke. Akauliza nani kaniambia. Nikasema Hamisi. Yule mzee akacheka mpaka binti yake akamshika asianguke. Alipojifuta machozi akamweleza Profesa kwamba Hamisi ni mtani wao, kazi yake msibani ni hiyo hiyo, kuwatania wafiwa, na kwamba mama yake angeipenda sana picha ile. Akaomba nakala tatu.

Profesa hakucheka. Aliniuliza idhini ya maandishi iko wapi. Akasema katuni inafundisha vizuri kuliko vitabu vingi, tatizo ni kwamba hakuna neno la kweli ndani yake. Akatoa hukumu: nimletee mtu mmoja tu mwenye vidole sita, na sahihi yake, kabla ya saa nne asubuhi Jumatatu, anapoondoka. Nikishindwa, nafasi ni ya Fadhili. Fadhili alinipa mkono. Akanishauri nianze kutafuta karibu na nyumbani. Mtu wa korosho, atajua nini.

Jumamosi, 14 Novemba

Hamisi kaja kuniomba radhi. Muungwana kumbe. Kasema kule Kilambo, mtoni kabisa, iko familia nzima, sita sita, mikono na miguu. Safari hii sidanganyiki: nimemuuliza mara mbili kama ni watani zake. Kaapa si watani zake hata kidogo. Akageuka upande kukohoa. Kikohozi kimeenea mjini.

Naandika nikiwa garini, kurudi kesho jioni. Bi Mwanahamisi kasimama mlangoni na mjukuu, kanizuia. Kasema Fadhili alipita jana kumweleza shida yangu, na yuko tayari kutia sahihi karatasi yoyote, yeye na Asha kwa niaba ya mtoto, nitazame tu mikono yao. Kainyoosha yote miwili mbele ya miwani yangu. Nimemwambia mama, gari haliningoji, mambo ya mikono tutayaona Jumatatu ikishapita.

Kanipungia mpaka nimekata kona. Mama mwema. Nitamletea bangili kutoka Kilambo, ingawa kumpatia ya saizi yake ni kazi. Sijui kwa nini kiganja chake ni kipana vile.