Peasi Nililochuma Mubashara

Jamani, leo nimeaibika, na watazamaji niliwaalika mwenyewe.

Mnajua nauza mapeasi mtandaoni. Yanatoka shambani kwa mama yangu huku Gare, nayapanga kwenye matenga, yanashuka na basi hadi Dar. Mapeasi ya kweli, shamba la kweli, na mimi mwenyewe wa kweli (nasisitiza, kwa sababu ya yatakayofuata). Tatizo ni wateja. Wameshapigwa sana na watu wa mtandaoni, wakiona picha nzuri wanakimbia.

Sasa kuna Mama Jeni, mwenye mgahawa Dar. Wiki mbili nambembeleza awe mteja wangu wa kudumu. Nikimpata huyo, mapeasi ya mama hayataoza tena chini ya miti kama msimu uliopita. Jana akaniandikia: "Mwanangu, picha siziamini. Nionyeshe shamba mubashara, nikuone ukichuma."

Nikasema, hilo tu? Nikawatangazia wateja wote: kesho saa moja asubuhi, njooni mlione shamba.

Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlima Magamba ukalala juu ya miti. Watu wakaingia, thelathini na kitu, Mama Jeni akiwemo! Mwingine angeahirisha. Mimi nikiuona ukungu akili inaniaga (mama husema kichwa changu kinaishi Magamba, mwili tu ndio unaolala Gare). Kulikuwa kimya. Umande ulidondoka kwenye majani, jogoo aliwika mahali nisipopaona, na miti ilinijia mmoja mmoja, polepole, kama wageni wanaovua viatu mlangoni. Moyo ukalainika. Nikaanza kutembea kinyumenyume, simu mbele ya uso, nikiongea kwa sauti nyororo ambayo sijui niliitoa wapi.

"Hapa ndipo nilipokulia," nikawaambia.

Mtu akaandika: "Dada, naona weupe mtupu."

Nikacheka kwa madaha, nikazidi kurudi nyuma. Kitu kikanigusa miguuni, majani marefu, yana umande. Sikutazama.

Mgongo ukagota kwenye mti. Nikaukumbatia! "Mti huu aliupanda marehemu babu yangu," nikasema, na machozi yakanilenga kweli. "Tumekua pamoja." Nikachuma peasi. Nikachuma la pili. Mioyo myekundu ikawa inapanda kwenye kioo. Nikachuma la tatu nikaling'ata, maji yakanichuruzika kidevuni. Mama Jeni akaandika: "Haya ndiyo ninayoyataka." Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo saa moja asubuhi.

"Nani huyo?"

Sauti ilitoka ukunguni. Kisha likatoka panga. Kisha akatoka Babu Athumani, jirani yetu, aliyelishika.

Ndipo nikageuka kutazama nilikopita. Yale majani yalikuwa masale. Huku kwetu masale ndiyo mpaka wa shamba na shamba, hata mbuzi wa mama anayaheshimu. Mimi nilikuwa ndani kabisa ya shamba la Babu, nimeegemea mti wake, mdomo umejaa peasi lake.

Mtu mwenye akili angezima simu. Lakini mtu mzima akitokea mbele yako, kwanza unasalimia. Nikameza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, babu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nyumbani wote wazima?"

"Wazima, babu."

"Na mapeasi yangu, hayajambo?"

Jamani!

"Babu, ni ukungu..."

"Ukungu ndio umechuma?" Akaugonga mti kwa ubapa wa panga. "Na huu mti nimeupanda mimi. Babu yako peasi hata kula alikuwa hali, lilikuwa likimsokota tumbo." Akaongeza maneno ya Kisambaa ambayo sitayaandika, maana humu wamo watoto.

Simu bado iko hewani. Watazamaji wamezidi mia (mimi ambaye hamsini sijawahi kuwafikisha). Mmoja anaandika: "Kumbe mali ya wizi!" Mwingine: "Babu, tupe namba yako." Jina la Mama Jeni sikuliona tena. Nikalia palepale na mapeasi mawili mkononi. Namlilia mama, ambaye miezi yote hii ananikabidhi mavuno yake bila kuuliza swali.

Babu akauliza hicho kisimu kina nini. Nikamweleza yote. Akakichukua, akakisogeza karibu na jicho moja, akasema: "Sikilizeni. Shamba lao ni lile pale." Akanyoosha panga. (Hapakuonekana kitu. Ukungu.) "Huyu si mwizi, anaota tu. Na mapeasi ya mama yake ni matamu kuliko yangu, ndiyo maana nashangaa kaja kuiba huku."

Akanirudishia simu. Nikaizima, nikaenda kulala mchana kweupe.

Saa nne asubuhi ujumbe ukaingia, Mama Jeni. "Nilitoka nikacheke vizuri. Niletee matenga manne kila wiki. Ila kila tenga lazima alikague yule babu mbele ya kamera. Wewe bado nakutazama. Yeye namwamini."

Kwa hiyo kuanzia kesho biashara yangu yote inamtegemea mzee niliyemwibia mapeasi. Nimemfuata kumwomba, kakubali, kwa sharti moja: kila atakayeingia kutazama amwamkie kwanza.

Naombeni basi msicheke. Anayeshindwa kujizuia, aanze na shikamoo.